Aibu ya Nyumba na Aibu ya Mtu

 

Mwaka 2018 darasa letu liliulizwa suali ambalo tulilijibu kwa haraka, na haraka ile haikuwa na baraka. Leo twalijibu tena, na mara hii kwa maandishi, ili jawabu letu la kwanza lisizidi kutembea midomoni mwa watu kwa jina letu.

Aliyetuuliza ni mwenzetu, mzaliwa wa pwani, ambaye riziki ilimpeleka Kendu Bay, katika ufuko wa kusini wa Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria. Alikuwa amestaafu kazi ya ualimu. Alikuwa na akiba yake, na mkewe alikuwa tayari kuuza dhahabu aliyopewa siku ya harusi yake, ili wapate nyumba ya kuzeekea. Nyumba ilipatikana karibu na ziwa: kuta zimepakwa rangi mpya, mabati yang'aa, na mwenyewe ni Muislamu anayesali naye safu moja. Mwenzetu akatuuliza: "Je, nimpeleke fundi aikague nyumba kabla sijatoa fedha, au nitakuwa nimemdhania vibaya ndugu yangu?"

Sisi tulimwambia: "Huyo ni ndugu yako, na dhana njema ni wajibu. Ukimpelekea fundi wa kumgongea kuta zake utamtia aibu mbele ya majirani. Mtegemee Mungu." Basi akanunua.

Mvua ndefu za kwanza zilipokuja, kuta zilipasuka kutoka pembe za madirisha hadi chini. Sehemu nyingi za mwambao ule zina udongo mweusi, ambao huvimba ukinywa maji na hupasuka ukikauka, na msingi uliochimbwa kwa upungufu huinuliwa na kuangushwa nao kila mwaka. Tangu Oktoba 2019 mvua zilinyesha kwa wingi usio wa kawaida katika nchi zote zinazolizunguka ziwa, na ziwa likapanda. Mwezi wa Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika meta 13.42, kiwango kilichozidi kwa kiasi kidogo mno kile cha mwaka 1964. Maji yaliingia nyumbani kwa mwenzetu, na kabla hayajapita mlangoni yalipita katika shimo la choo. Akatoka na wanawe usiku, godoro moja kichwani.

Baadaye fundi mwashi aliitazama nyumba ile mbele yetu kwa muda usiofika nusu saa. Alifungua kabati la ukutani ambalo ndani yake hamkupakwa rangi, na ufa ulikuwa mle, mkongwe, umejazwa saruji zaidi ya mara moja. Akatuonyesha mlango wa chumba cha kulala, ambao sehemu yake ya juu ilikuwa imepunguzwa kwa randa upande mmoja, kwa kuwa miimo yake ilikuwa imekwenda mrama na mlango umekataa kufunga. Kisha akamwuliza mzee mmoja jirani habari za maji. Mzee akajibu bila ya kufikiri kwamba katika mafuriko ya baina ya 1961 na 1964, ziwa lilipopanda zaidi ya meta mbili, mahali pale palikuwa pa kupita mitumbwi. Tukamwuliza mzee kwa nini hakumwambia mnunuzi. Akasema: "Ningeharibu biashara ya mtu." Tukamwuliza muuzaji. Akasema: "Hakuniuliza."

Hii ndiyo hadithi yenyewe, nasi tumo ndani yake. Muuzaji alinyamaza, jirani alinyamaza, na mnunuzi alinyamaza kwa kuwa sisi tulimwamrisha anyamaze. Na kila mmoja wetu alidhani kwamba kunyamaza kwake ni adabu.

Basi yatupasa tutazame kosa lilianzia wapi. Sisi twaona kwamba lilianzia katika neno moja. Katika vitabu vya fikihi neno la Kiarabu *ayb* lina maana ya ila au kasoro iliyomo katika kitu kinachouzwa, kasoro ipunguzayo thamani yake au manufaa yake. Neno hili lilipoingia katika lugha yetu likawa *aibu*, na maana yake ikahama kutoka katika kitu ikaingia katika uso wa mtu. Aibu kwetu ni fedheha, ni kuinamisha kichwa, ni kusemwa. Kwa hivyo mtu akitaka kuitafuta aibu ya nyumba, sisi twasikia kwamba ataka kuitafuta aibu ya mwenye nyumba. Na kwa kuwa kuzistiri aibu za watu ni jambo jema, tumezistiri na nyufa za kuta.

Lakini mambo haya ni mawili, na hukumu zake zapingana. Aibu ya mtu ni yake na Mola wake. Ukiijua, istiri, usipoijua, usiifukue. Ama aibu ya mali inayouzwa, hiyo si ya muuzaji peke yake tena. Tangu pale aliposema "nauza", mwenzake amepata haki ndani yake, kwa kuwa yeye ndiye atakayetoa fedha kwa ajili yake na kulala chini ya paa lake. Kuistiri aibu hii ni kuchukua mali ya mtu kwa kitu ambacho lau angalikijua asingalikinunua. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wamesema kweli; lakini kuna kuziba kwa kutengeneza, na kuna kuziba kwa kuficha, na chokaa ni ileile.

Wako watakaosema kwamba kukagua ni kudhania vibaya. Nasi twawauliza: aliyeingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni alikuwa nani? Habari hii ni mashuhuri kwa kila aliyesoma darasa za mwanzo. Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula kinachouzwa, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikatoka na umaji. Alipomwuliza mwenyewe, alijibu kwamba kilipatwa na mvua. Akamwuliza mbona hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akaeleza kwamba mwenye kughushi si katika walio wake.

Twazingatia mambo mawili katika habari hii. La kwanza, hatukusimuliwa kwamba kuna mtu aliyekuja kushitaki, wala kwamba mwenye nafaka alikuwa akijulikana kwa hila. Mkono uliingia katika lundo kwa kuwa lundo ndilo linalouzwa, na uso wa lundo hauonyeshi tumbo lake. Basi kukagua si dhana mbaya. Lau kungekuwa dhana mbaya, mbora wa viumbe asingekufanya. La pili, yule mtu alitoa udhuru wa mvua, na mvua hakuileta yeye. Wala hakulaumiwa kwa kuwa nafaka yake imelowa. Alilaumiwa kwa kuwa palipolowa palikuwa chini na palipokauka palikuwa juu. Vivyo hivyo ndugu yetu wa Kendu Bay hakuuumba udongo mweusi wala hakulipandisha ziwa. Lawama yake ni ile saruji ya ndani ya kabati na rangi mpya ya nje.

Tena tazameni mwendo wetu wenyewe. Mwanamke akienda sokoni kununua nazi huitikisa sikioni. Samaki hufunuliwa mashavu. Mbuzi hushikwa mgongo na kutazamwa meno. Binti akiposwa, wazee wake hutuma watu kuuliza habari za mposaji, dini yake na tabia zake, na hakuna mposaji aliyewahi kusema ametukanwa. Na katika jambo la deni, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandike na tuweke mashahidi, na amri hiyo wameelekezewa walioamini, ambao ndio wenye haki zaidi ya kudhaniana vyema. Siku hizi mtu anunuapo kiwanja huenda katika ofisi ya ardhi kulitazama daftari, kama inavyoruhusu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, na muuzaji humpa nakala ya hati bila ya kununa. Basi nazi ya shilingi chache twaitikisa, na karatasi ya nyumba twaipekua, ila nyumba yenyewe twaona haya kuigusa!

Wako na watakaosema: haya ni makadirio ya Mungu, na lau ziwa limeandikiwa kupanda litapanda. Ni kweli kwamba litapanda. Lakini aliyefundisha kumtegemea Mungu ndiye aliyefundisha kwamba ngamia hufungwa kwanza. Kumtegemea Mungu ni kazi ya moyo baada ya mikono kufanya yake. Mwenye kuiacha kazi ya mikono kisha akasema ametegemea, huyo amezembea na kuupa uzembe wake jina zuri. Sisi tulipomwambia mwenzetu "mtegemee Mungu", kwa hakika tulikuwa twamwambia atutegemee sisi, nasi hatukujua hata msingi wa nyumba ile una kina gani.

Na wako wasemao kwamba ukaguzi wa mafundi ni mtindo wa kizungu. Hawa hawajafungua vitabu vya madhehebu yao. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu sisi watu wa pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba kununua kitu kisichoonwa si sahihi, na kwamba kuona kwa kila kitu ni kwa kadiri ya kitu hicho. Wanazuoni waliokifafanua kitabu cha *Minhaj* cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, wametaja yanayopasa kuonwa katika nyumba: vyumba, dari, mapaa, kuta, mahali pa kuogea na mfereji wa maji machafu. Basi orodha ya mkaguzi ilikuwamo misikitini mwetu tangu zamani, nasi twaisoma kwa ajili ya kuhitimu na hatuisomi kwa ajili ya kununua.

Zaidi ya hayo, kinyume chake ndicho cha kizungu. Kanuni ya zamani ya sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya iliirithi, ni kwamba katika kununua nyumba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Katika mikataba mingi huandikwa kwamba mnunuzi ameitazama nyumba na ameikubali kama ilivyo. Akishatia sahihi, ni vigumu kurudi. Fikihi ya Kishafi ni kali zaidi juu ya muuzaji. Hata akishurutisha kwamba amejivua ila zote, sharti hilo kwa kauli yenye nguvu halimwokoi, isipokuwa katika ila ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Nyumba haimo katika ruhusa hiyo. Mnunuzi akiona ila iliyokuwako kabla ya mauzo ana haki ya kurudisha, lakini aitumie haki hiyo mara aionapo, maana akinyamaza akaendelea kukaa imempotea. Twayasema haya ili msomaji aone jambo hili: ikiwa sheria ya mahakamani yamwachia mnunuzi ajilinde mwenyewe, na sheria ya dini yamtaka aone na aharakishe, basi zote mbili zamfikisha kwa fundi.

Sasa fundi atazame nini? Hatusemi kwa ajili ya watu wa ziwani tu. Katika nyumba zetu za mawe za Mombasa na Lamu, boriti huonekana nzima katikati ya chumba, na kumbe ncha zake zilizozikwa ukutani zimeoza kwa unyevu au zimeliwa na mchwa. Fundi mzoefu hugonga karibu na ukuta akasikiliza sauti. Hutazama chumvi inayochanua juu ya lipu, maana ni alama ya maji yanayopanda kutoka chini. Hupanda juu ya paa, mahali ambapo mnunuzi hapandi. Hutazama nyaya za umeme na mahali maji ya choo yanapokwenda. Nyumba za ziwani na bara huongezewa uchunguzi wa udongo na kina cha msingi, na wazee wa mtaa huulizwa maji yalifika wapi katika miaka ya 1960 na katika mwaka 2020. Kumbukumbu ya mzee ni kipimo ambacho fundi hana katika mkoba wake.

Wala msidhani kwamba ukubwa wa nyumba au sifa yake yatosha. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa fahari ya mwambao wote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka, nayo ikiwa katika kutengenezwa, na mafundi wawili wakafa. Na huko Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jumba la kupangisha lililojengwa kando ya mto liliporomoka katika mvua, wakafa watu karibu 50. Jumba lile lilikuwa limekwisha tiwa alama ya kubomolewa. Ila ilijulikana, na watu waliachwa walale ndani yake. Basi kujua peke yake hakutoshi. Aliyejua yampasa aseme, na aliyeambiwa yampasa atende.

Kwa hivyo twaweka hapa masharti ya jambo hili, ili adabu isipotee kwa kutafuta haki.

Mnunuzi aombe ruhusa kabla ya kumleta fundi, aje saa ambayo wenye nyumba wako tayari, wala asilete kundi la watazamaji. Akiona ila asiitangaze barazani. Ana khiyari ya kununua, kuacha, au kuomba bei ipunguzwe. Lakini mnunuzi mwingine akija kumwuliza, amweleze kweli, kwa kuwa huko ni kutoa nasaha na si kusengenya.

Fundi ni shahidi, na ushahidi wake ni amana. Alipwe na mnunuzi. Asipokee kitu kwa dalali wala kwa muuzaji, hata kama chaitwa nauli au chai. Aseme alichokiona, na asichokiona aseme hakukiona. Na alichokiona cha siri za watu wa nyumba, nguo zao, maradhi yao na umasikini wao, kifie palepale. Maana ameruhusiwa kukagua kuta, hakuruhusiwa kukagua wenyewe.

Muuzaji asingoje kuulizwa. "Hakuniuliza" si udhuru. Mwenye nafaka naye hakuwa ameulizwa. Afungue kabati mwenyewe, aseme: "Hapa pana ufa, na hapa maji yalifika." Huenda akapata bei ndogo, lakini fedha atakazopata ni zake kweli. Na ikiwa fundi wa mnunuzi wa kwanza amemfunulia ila asiyoijua, tangu siku hiyo ameijua, na hana ruhusa ya kumwuzia wa pili kana kwamba hajaambiwa.

Na jirani anayejua asinyamaze kwa kuogopa kuharibu biashara. Biashara inayoharibika kwa neno la kweli ilikuwa mbovu tangu hapo.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji kilichozama kwa sababu watu wake walimkatalia bibi kizee mahali pa kulala. Hatuifanyi hekaya hii kuwa hoja. Twasema tu kwamba wenyeji wa mahali pale tangu zamani wametambua kuwa nyumba ina uhusiano na namna wenyewe wanavyotendeana.

Ama mwenzetu, tulikaa naye na muuzaji, tukafanya suluhu. Muuzaji alirudisha sehemu ya fedha, kwa kuwa nyingine alikwisha zitumia. Dhahabu ya yule bibi haikurudi. Wawili hawa bado wasali katika msikiti mmoja, lakini hawasimami tena safu moja, na wakikutana mlangoni kila mmoja huinama kutafuta viatu vyake. Sisi tulikataza ukaguzi kwa ajili ya kuulinda udugu wao. Nusu saa ya fundi na randa ya mlango ule ingaliwaokoa wote wawili, maana muuzaji naye angalipata njia ya kusema kweli kabla ya kula fedha ya uongo.

Kwa hayo twalifuta jawabu letu la mwaka 2018, na twamwomba mwenzetu na mkewe msamaha kwa maandishi kama tulivyowaomba kwa mdomo. Atakayetuuliza tena suali lile, jawabu letu ni hili: mpende ndugu yako, mdhanie vyema, na umpeleke fundi.

Na kuwafikishwa ni kwa Mwenyezi Mungu.